Visu vimerudi mezani
Nimerudia visu, na cha kwanza kutoka kabatini ni Opinel namba 8, kisu cha kukunja cha Kifaransa, cha chuma cha kaboni, ubapa sentimita 8.5. Kinanoleka upesi, ila ukikatia limau ukakiacha, kinapiga weusi hapo hapo. Kifute, kikaushe, pakaa tone la mafuta.

Mpini wa mbao ukinywa umande wa kambini huvimba, ubapa ukang'ang'ania ndani. Usichokonoe kwa koleo! Legeza pete ya kufungia ubapa shingoni mwa mpini, gonga kitako cha mpini kwenye gogo, ubapa utachomoza. Ukikauka, pitisha msasa laini kwenye mfereji wa mpini unamojikunjia ubapa.

Ala ya ngozi ni ya kubebea tu, inatunza unyevu.