Masta yangu ya kompyuta niliimalizia kwenye mizabibu ya Hombolo

Nimemaliza masta ya sayansi ya kompyuta hapa hapa Dodoma huku nikiendelea kufundisha sekondari. Kuna ushauri mmoja nikiusikia tena damu inanichemka: "Chukua data mtandaoni, fundisha modeli, andika, maliza." (Modeli ni programu inayojifunza kutambua vitu kwa kuonyeshwa mifano.) Nilipewa na watu watatu, wote wamenitangulia kusoma. Umenila karibu mwaka.

Ya maombi, ada na mwaka wa kwanza wa madarasa siyasemi, ukikaza unapita. Shughuli ni tasnifu. Mimi ni mtoto wa zabibu. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ekari moja na nusu ya baba, na nimemwona akipoteza msimu mzima kwa ugonjwa aliouchelewa. Nikataka programu ya simu itakayoutambua kwa picha ya jani.

Basi nikafuata ushauri. Nikapakua PlantVillage, seti yenye picha zaidi ya 54,000 za majani ya mazao 14, nikachambua za mzabibu. Ndani ya siku mbili modeli ilikuwa inapatia asilimia 99. Jumamosi, mwishoni mwa Aprili, nikapanda daladala hadi Hombolo, kwa mama mmoja aliyekuwa jirani yetu shambani. Mbukwenyi, mbukwenyi, tukasalimiana kwa Kigogo, tukaingia kwenye mistari. Jani la kwanza lilikuwa gonjwa waziwazi, simu ikasema zima. La pili zima, likaitwa gonjwa. Nilipima majani arobaini na kitu, hata nusu sikupatia.

Sababu nilizielewa nikiwa nimesimama palepale. Picha za ile seti ni za jani lililochumwa, likalazwa peke yake juu ya kitu cha rangi moja. Shambani jani lina wenzake nyuma yake, lina vumbi jekundu, kivuli cha waya kinalikata katikati, na jua la saa sita linalifuta rangi. Baya zaidi, kwa mzabibu seti ile haina ubwiri, ugonjwa unaoshambulia majani, wa aina yoyote, na ubwiri ndio unaowaliza wakulima wetu. Modeli haiwezi kutaja ugonjwa ambao haijawahi kuonyeshwa. Na watafiti walioitumia seti hiyo mwaka 2016 wakapata asilimia 99.35 waliandika wenyewe kwamba kwa picha za mazingira mengine usahihi ulishuka hadi kama 31. Limo kwenye makala yao, ukiisoma mpaka ndani.

Mama alikuwa ananitazama tu. Mwisho akasema, "Mwanangu, mbona unapiga juu tu? Geuza jani." Juu palikuwa na doa la njano linalong'aa kama tone la mafuta. Chini yake, mahali palepale, utando mweupe kama pamba iliyochambuliwa. Huo ndio ubwiri unyoya. Ubwiri unga wenyewe hukaa kama majivu, ukipitisha kidole unafutika. Tasnifu yangu ilizaliwa upya pale: kila jani, picha mbili, juu na chini.

Ila ubwiri unyoya unataka unyevu. Mvua ikakata, nao ukatoweka, na Dodoma mvua hazirudi mpaka Desemba. Anayefanya utafiti wa mazao aanze na kalenda ya mvua kabla ya kalenda ya chuo. Kiangazi chote nilipiga majani mazima na ya ubwiri unga, Hombolo na Chinangali. Kila safari ilikuwa shilingi elfu kumi na tano, wakati mwingine elfu ishirini ukiongeza bodaboda. Jua likiwa kali, mjukuu wa mama alishika khanga juu ya jani, mwanga ukatulia. Hakuna kifaa kilichonisaidia kuliko ile khanga.

Mvua zikarudi, nikapiga na ya ubwiri unyoya; zilipomalizika nilikuwa na picha elfu mbili na ushee. Nikazichanganya, nyingine za kufundishia, nyingine za kupimia: asilimia 97. Msimamizi wangu akauliza swali moja, "Picha za mzabibu mmoja hazipo pande zote mbili?" Zilikuwapo. Modeli ilikuwa inaikumbuka mizabibu, haitambui ugonjwa. Nikagawa upya kwa mashamba: shamba la kupimia, picha yake hata moja haigusi mafunzo. Ikashuka hadi 71. Niliumia, lakini hiyo 71 ilikuwa yangu kweli, na kutoka hapo nilipanda kwa jasho hadi 86.

Nilitumia MobileNetV2, modeli iliyotengenezwa kwa ajili ya simu, yenye vigezo (namba inazojifunza) milioni 3.4 hivi, kwa sababu ni nyepesi. Nilipobadilisha namba zake kutoka biti 32 kwenda 8, ukubwa ukabaki robo, chini ya MB 4, ikafanya kazi bila intaneti. Mafunzo nilifanyia kwenye kompyuta za bure za mtandaoni, zinakukata usiku wa manane bila taarifa, kwa hiyo hifadhi modeli kila mzunguko wa mafunzo. Mimi nilipoteza saa tisa za kazi kabla ya kuanza kufanya hivyo.

Baada ya utetezi nilirudi Hombolo na simu. Mama aliielekeza kwenye jani, juu, kisha akaligeuza mwenyewe bila kuambiwa. Ikaandika ubwiri unyoya. Akachungulia chini ya jani kwa macho yake, akaita, "Njooni muone," na majirani waliokuwa mistari miwili pembeni wakaacha majembe.