Piano ile ile, wenzake tofauti

Kipande ninachoombwa kusindikiza kwa piano kuliko vingine vyote ni Spiegel im Spiegel cha Arvo Pärt, na karibu kila anayekiomba huongeza maneno yale yale: "Upande wako ni mwepesi tu." Ukitazama karatasi utaona wana haki ya kusema hivyo. Mkono wa kulia unapiga noti tatu za kupanda, halafu tatu tena, sita katika kila kipimo (fungu moja la mapigo), zote za pigo moja moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna mbio, hakuna mahali pa kujionyesha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukisoma papo hapo. Sasa mwambie akipige kwa dakika nane au kumi bila noti hata moja kujitokeza kuliko wenzake, uone jasho litakavyomtoka.

Pärt, Mwestonia aliyezaliwa mwaka 1935, alikiandika mwaka 1978 kwa ajili ya fidla na piano, na mpiga fidla aliyekiagiza alikuwa Vladimir Spivakov. Ni miongoni mwa vipande vya mwisho alivyotunga kabla ya kuhama Estonia, iliyokuwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1980 aliondoka na familia yake, wakapitia Vienna na hatimaye wakakaa Berlin. Kabla ya hapo alikuwa amepitisha miaka mingi akiandika machache sana na kujisomea muziki wa kanisa wa karne za kale. Alipozuka tena mwaka 1976, na kipande kifupi cha piano kiitwacho Für Alina, alikuwa na utaratibu wake mpya, tintinnabuli: sauti moja inatembea hatua kwa hatua kwenye skeli, yaani ngazi ya noti, nyingine haitoki kwenye noti tatu za kodi moja (noti zinazoafikiana zikilia pamoja), kama kengele.

Utaratibu huo unasikika waziwazi hapa. Tuko kwenye F meja. Fidla inaanza kwa noti mbili tu, G halafu A. Kisha inaanzia juu ya A na kushuka mpaka A ile ile. Safari inayofuata inaongezewa noti moja: inaanza chini zaidi, inapanda, inatua kwenye A. Halafu inaanza juu zaidi, inashuka, inatua kwenye A. Na kuendelea hivyo, kila mara ikiondoka mbali zaidi na kurudi pale pale. Ndiyo maana ya kile kichwa cha Kijerumani, kioo ndani ya kioo. Ukishaelewa kanuni unaweza kutabiri noti inayofuata, na bado ikija inakugusa. Sijui muziki mwingine mwingi wa namna hiyo.

Sasa, kwa kuwa sauti ya juu ni noti ndefu tupu, watu wa kila chombo wameitamani. Yapo matoleo ya selo, viola, klarineti, oboe, horn, filimbi ya alto, hata la besi kubwa ya nyuzi. Piano kwenye karatasi inabaki karibu ile ile katika yote. Kwenye vidole haibaki ile ile hata kidogo, na hilo ndilo wanaoniambia "upande wako ni mwepesi" hawalioni.

Na fidla, sauti yake iko juu, imejitenga na yangu, kwa hiyo kazi yangu ni kuwa sakafu. Ninaweza kuikanyaga kwa muda kidogo pedali, ile inayofanya noti ziendelee kulia. Shida ni ya mwenzangu: noti moja inachukua sekunde kadhaa, na upinde ukitetemeka katikati hakuna pa kuuficha. Wapiga fidla wenye mtetemo mwingi wa vidole hukiharibu hiki kipande ndani ya vipimo vinne. Huwa nawaomba waanze bila mtetemo kabisa, ndipo waongeze wakiona lazima. Wengi hawaongezi tena.

Na selo mambo yanageuka. Sauti yake inashuka na kuingia mulemule mkono wangu ulimo, na zile F nzito za mkono wa kushoto, ambazo na fidla zilikuwa kama kengele ya mbali, sasa zinagombania nafasi naye. Nalazimika kupiga besi kwa wepesi zaidi na kubadilisha pedali mara nyingi zaidi, la sivyo inakuwa tope tupu. Lakini ikikaa sawa, mimi naipenda hiyo kuliko ya fidla, ingawa najua wenye fidla hawatanisamehe. Anayetaka kulinganisha atafute albamu ya Alina ya mwaka 1999, kutoka kampuni ya rekodi ya ECM: ina vipande viwili tu vya Pärt vilivyopishana mara tano. Spiegel im Spiegel inasikika mara tatu, kwanza Spivakov kwa fidla, katikati Dietmar Schwalke kwa selo, mwisho fidla tena. Isikilize yote bila kuruka.

Klarineti ndiyo iliyonifundisha zaidi. Inaweza kuanza noti kutoka kwenye ukimya mtupu, kwa urahisi kuliko upinde. Ila mpigaji lazima apumue. Mwanzoni, safari zikiwa fupi, pumzi moja inatosha. Safari zinaporefuka, lazima avunje mahali, na piano haiwezi kumngoja, kwa sababu mapigo yangu yakilegea hata kidogo kila msikilizaji anajua. Kwa hiyo tunakaa na penseli kabla ya kupiga noti yoyote na kupanga: hapa utapumua, hapa hutapumua hata ukizimia. Nikisikia ameanza kuvuta hewa, napunguza sauti nywele moja ili pengo lake lisionekane.

Matoleo ya piano peke yake siyataki. Noti ya piano ikishapigwa inaanza kufa, ilhali sauti ya juu ya kipande hiki inaishi kwa kukaa. Ukiiondolea upinde au pumzi, zinabaki hesabu tu. Na wale wanaokipamba kwa kinanda cha umeme chenye mawingu ya sauti nyuma, jamani, nafasi tupu ndiyo iliyoandikwa.

Si kwamba Pärt mwenyewe ni mkali wa vyombo. Fratres, ya mwaka 1977, aliiandika bila kutaja chombo chochote, na ameipa matoleo kadhaa tangu hapo. Albamu ya Tabula Rasa ya mwaka 1984 inayo mawili: Gidon Kremer na Keith Jarrett kwa fidla na piano, na lile la selo kumi na mbili za okestra ya Berlin Philharmonic. La kwanza linawaka, la pili linanguruma chini kwa chini. Huwezi kudhani ni kazi moja mpaka uhesabu vipimo.

Mpiga horn mmoja ameniomba tukifanye naye Spiegel im Spiegel. Nimemtumia nakala na penseli yangu iko tayari, lakini nimemwambia aje na alama zake za pumzi kwanza, na kama atathubutu kuniambia upande wangu ni mwepesi, tutabadilishana viti.