Laini mbili za simu, nyumba moja, kasi tofauti

Kama uko Uingereza na nyumba ina laini mbili za ADSL (intaneti inayopita kwenye waya wa simu), moja inavuta megabiti 10 na nyingine 7, usikimbilie kununua ruta. Laini hizo zinaingia mlango mmoja lakini hazikusafiri njia moja. Waya wa kawaida unaotoka nguzoni kuja nyumbani una jozi mbili za nyaya ndani ya ganda moja: chungwa na nyeupe, ambayo kwa kawaida ndiyo laini ya kwanza, na kijani na nyeusi, ya pili. Kwenye kisanduku cha nguzoni undugu wao unaishia hapo. Laini ya pili hupewa jozi yoyote iliyokuwa wazi siku ile fundi alipokuja, na huenda jozi hiyo ilikuwa wazi kwa sababu iliwahi kukimbiwa na mtu kwa kelele zake. Kuanzia hapo inapita kwenye viungio vyake yenyewe hadi kituo cha simu. Mitaa mingine ina hata vipande vya alumini, vilivyolazwa miaka ya 1960 na 1970 bei ya shaba ilipopanda.

Fungua ukurasa wa ruta unaoonyesha hali ya laini, uandike mambo manne kwa kila laini: mfifio (nguvu ya mawimbi inayopotea njiani), akiba ya SNR (kiasi ambacho mawimbi yanaizidi kelele kuliko inavyohitajika), kasi ya kuunganika, na makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) kwa saa. Tovuti za kupima kasi ziache kwanza. Zinachanganya laini, mtandao wa mbele na Wi-Fi yako katika namba moja.

Mfifio ndio unaoeleza urefu wa njia. Waya wa shaba wa milimita 0.5 hula takriban desibeli 14 kwa kilomita, na mwembamba zaidi hula zaidi. Laini zako zikipishana desibeli 1 au 2, chukulia njia zinalingana. Zikipishana 8 au 10, ama jozi moja imezungushwa kwingine, ama kuna kiungio kibovu. Mafundi wanakijua kisa hiki: waya mmoja wa jozi ukikatika kabisa, simu hufa lakini ADSL yaweza kuendelea kujikokota, mfifio ukiwa juu mno, kwa sababu masafa ya juu huruka pengo ambalo mkondo wa simu hauwezi kulivuka.

Akiba ya SNR ndiyo inayopotosha wengi. Ruta inapounganika hutafuta kasi kubwa kadiri inavyowezekana huku ikibakiza akiba iliyopangwa na mtandao, mara nyingi desibeli 6. Kwa hiyo laini nzima na laini mbovu zote zitakuonyesha 6 mara tu baada ya kuwashwa. Ubovu umeshakatwa kwenye kasi. Usome tena baada ya saa kadhaa, uone ipi inayumba.

Nayo 6 hiyo si ya kudumu. Laini ikikatikakatika, mfumo wa mtandao unaoitwa DLM huipandishia akiba hadi 9, 12 au hata 15. Gharama yake inahesabika. ADSL hugawa masafa katika toni za kilohezi 4.3125, na kila toni hubeba hadi biti 15, mara 4,000 kwa sekunde. Kila desibeli 3 za akiba ni kama biti moja kwa kila toni. Laini yenye toni 300 zinazofanya kazi, ikipandishwa kutoka 6 hadi 12, inapoteza 2 × 300 × 4,000, yaani megabiti 2.4 kwa sekunde. Tuseme laini ya kwanza ina mfifio 41, akiba 6 na kasi 9.8, ya pili mfifio 42, akiba 12 na kasi 7.2. Hapo waya hauna ubaya wowote. Laini ya pili inatumikia adhabu ya kukatika kwa zamani, pengine kwa sababu kuna mtu anayezima ruta kila usiku.

Ukishaondoa hilo, pima kwa haki: ruta ileile, kebo ileile, kichujio kilekile (kile kinachotenganisha simu na intaneti), saa ileile. Fungua soketi kuu (za zamani zina skurubu mbili chini, mpya zina vibanio pembeni), toa kifuniko cha mbele, utaiona soketi ya majaribio. Nyaya zote za ndani ya nyumba zinakuwa zimekatwa hapo. Laini ya pili ikipona, tatizo ni lako, na mshukiwa wa kwanza ni waya wa kengele kwenye pini namba 3. Simu za siku hizi haziuhitaji, nao hufanya kazi ya antena. Uchomoe nyuma ya kifuniko ulichotoa, ubakize 2 na 5. Kilichobaki ukutani ni mali ya Openreach, kampuni inayotunza nyaya za simu, usikiguse.

Saa ina maana kweli. Giza likiingia, redio za masafa ya kati husafiri mbali na akiba hushuka desibeli kadhaa. Programu ya DSLstats ikikuchorea toni, utaona mashimo karibu na 161 na 211: hizo ni kilohezi 693 na 909 za BBC Radio 5 Live. Jozi yenye nyaya mbili zinazolingana hufuta sehemu kubwa ya kelele hiyo. Mashimo yakiwa makubwa kwenye laini moja tu, upande mmoja wa jozi hiyo una ukinzani mkubwa kuliko mwenzake, na mara nyingi ni kiungio kilichoingia maji.

Pima pia kila laini huku nyingine imezimwa, kisha zote mbili pamoja. Zikiwa kwenye ganda moja huingiliana, na kushuka kidogo ni kawaida.

Laini ikiwa bado ina mlio wa simu (ule unaousikia kabla ya kupiga namba), piga 17070, chagua 2, usikilize kwa simu ya waya. Panapaswa kuwa kimya kabisa. Ukisikia mikwaruzo, au intaneti ikikatika kila simu inapoita, ripoti ubovu wa simu na wala usitaje intaneti. Kelele ya sauti hushughulikiwa kwa ubishi mdogo. Laini za intaneti pekee hazina mlio, kwa hiyo kipimo hiki hakipo.

Kama laini ya pili haikubali ADSL hata kidogo, uliza kama iko kwenye DACS, kifaa kinachogawa jozi moja kuwa laini mbili za sauti. ADSL haipiti hapo mpaka kiondolewe.

Fundi akija, mwonyeshe namba za laini zote mbili, umwombe ajaribu jozi nyingine iliyo wazi kabla ya kuanza kufungua viungio. Akishamaliza, mpigie mtoa huduma aombe DLM ianzishwe upya. Bila hivyo laini iliyopona itaendelea kubeba akiba ya 12 au 15 kwa siku nyingi, nawe utadhani fundi hakufanya kitu.