Mbuzi ya bibi na neno heirloom

Juzi nilikuwa natafsiri wosia kutoka Kiingereza, nikakwama kwenye neno moja: heirloom. Miaka yote nimelijua kama kitu cha thamani kinachopokezanwa katika ukoo, mikufu, saa ya ukutani, sahani za kauri. Nikaandika "kitu cha urithi", nikafuta. Shamba nalo si kitu cha urithi?

Nikafungua kamusi. Heir ni mrithi, asili yake Kilatini, likapitia Kifaransa. Loom ndiyo iliyonishika. Leo ni mtambo wa kufumia nguo, nami nikadhani habari ni ya mfumaji anayemwachia mwanawe mtambo wake. Kumbe sivyo. Katika Kiingereza cha kale, geloma ilikuwa zana yoyote, chombo chochote cha kazi. Ufumaji ulikuja baadaye. Neno zima limo katika maandishi ya karne ya 15.

Tena lilikuwa neno la sheria. Huko Uingereza, mtu akifa, ardhi na nyumba vilikwenda kwa mrithi, aghalabu mtoto wa kiume wa kwanza, mpaka sheria ya 1925 ilipoufuta utaratibu huo. Vyombo vya ndani vilishikwa na msimamizi wa mirathi, alipe madeni kisha agawe. Lakini kwa mila ya baadhi ya sehemu, vitu vichache, kama kitanda kilicho bora kuliko vyote, havikuguswa. Vilifuata nyumba.

Hapo nikaikumbuka mbuzi ya bibi. Alipofariki tuligawana kama dini inavyoelekeza, kila mtu na fungu lake: nyumba, minazi, bangili. Mbuzi hakuna aliyeihesabu. Ilikuwa imeegemezwa ukuta wa jikoni, kibao chake kimekuwa cheusi na laini kwa kukaliwa. Shangazi akaikunja, akanipa. "Chukua wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimkunia."

Nikaifunga kwenye kanga, nikaiweka juu ya kabati kwa heshima. Miaka sita. Nazi nasaga kwenye blenda.

Kwenye tafsiri nimeandika "chombo cha ukoo". Jana jioni nikaishusha, nikaifuta vumbi, nikaketi na kizio cha nazi mkononi. Jino moja la kulia limepinda tangu nikiwa mdogo, lilikuwa likinichana kidole. Mkono ulilikwepa wenyewe, hata sijaliangalia.