Kutoka jukwaani hadi nyuma ya kamera

Mchezaji ngoma ambaye magoti yamechoka asiache sanaa. Ashike kamera. Jambo ambalo wapiga picha wengi huhangaika nalo miaka, yeye tayari analo mwilini: anajua mruko utafika kileleni lini.

Chukua isukuti, dansi ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kati ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma za kupigwa ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Kiongozi anatoa wimbo, wenzake wanaitikia. Aliyewahi kuicheza husikia mdundo unapogeuka, akabonyeza kabla miguu haijaacha ardhi. Mgeni hungoja aone kwanza, na akishaona amechelewa. Pale juu kabisa mwili hutulia kidogo, hivyo kasi ya shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga) ya 1/250 ya sekunde hutosha. Mikono ya wapiga ngoma ndiyo inayodai 1/500 au zaidi.

Wengi hukwama kwenye vifaa. Pesa yote inaishia kwa kamera mpya inayouzwa pamoja na lenzi ya kuvuta ya 18-55mm, na lenzi hiyo ukiivuta hadi 55 kwa kawaida haifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi). Lenzi ya 50mm ya f/1.8, ambayo ni ya bei nafuu, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Katika ukumbi wa Kisumu usiku, hapo ndipo inapoamuliwa kama una picha au huna. Ningenunua kamera iliyotumika na lenzi hiyo, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200 bila woga. Chembechembe zinavumilika, picha iliyotikisika haivumiliki.

Halafu kuna taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei ya chini humetameta mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Ukitumia shata ya kielektroniki, ile isiyo na mlio, au kasi kubwa, mistari ya giza itakata picha. Rudi kwenye shata ya kawaida na ushuke hadi 1/100. Kwa kasi hiyo mwili unaokimbia utatoka na ukungu, kwa hiyo subiri zile nukta ambazo mchezaji anasimamisha mkao. Mpiga picha aliyewahi kucheza naye anazijua zote.

Taa nyekundu na za zambarau ni balaa nyingine: rangi moja inajaa hadi uso unakosa umbo. Punguza mwanga stopu moja, yaani kwa nusu, upige kwa RAW, faili ghafi ya kamera, ili uweze kurekebisha baadaye. Pazia jeusi nalo hudanganya kipimo cha kamera, ikaongeza mwanga mpaka nyuso zikawa nyeupe tupu. Pima usoni, kisha uweke vipimo kwa mkono ili kamera isivibadilishe.

Kuhusu malipo, jambo moja linawaumiza hasa wasanii waliozoea mirabaha. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo andikeni karatasi moja kabla ya onyesho: picha zinabaki za mpiga picha, na kundi lina ruhusa ya kuzitumia kujitangaza. Wote wawili watie sahihi.