Wiki tano ndani ya karavani, Mikindani

Agosti 2010 nilimsindikiza mjomba kutoka Dar kwenda Mtwara, pikapu yake inavuta karavani kuukuu aliyoinunua mnadani, ile wanayolala wajenzi wa barabara, mpango wake akaiweke kwenye kiwanja auzie chipsi. Kipande cha Ndundu hadi Somanga lami ilikuwa bado, kilomita kama 60 za mashimo na mchanga, naamini beringi ya tairi la kushoto ilianza kuharibika pale pale, ila ikajikaza tukapita Lindi vizuri mpaka Mikindani, tumebakiza kilomita kama 10 tu kuingia Mtwara, ndo ikasaga. Moshi, harufu ya grisi kuungua, mjomba akagusa habu akaungua vidole.

Vijana wakatusaidia kuisukuma mpaka chini ya mbuyu karibu na maji, tukapiga jeki, tukapanga matofali. Tukasema siku tatu. Fundi akatwambia saizi hiyo Mtwara haipo iagizwe Dar, ikaja na basi, ikagoma kuingia, duka limetuma sio yenyewe, ikaagizwa nyingine.

Basi tukawa wakazi. Mchana humo ndani hapakaliki kwa joto, tunashinda nje kwenye mkeka, ila usiku kusi inavuma karavani lote linatikisika taratibu kama ngalawa iliyofungwa, na bati likipoa linalia tik, tik, mpaka unalala. Maji yakipwa wanaonekana kinamama mbali huko wameinama na vijiti wanatafuta pweza, yakijaa yanakuja mpaka mita chache na matairi. Watoto walikuwa wanaita nyumba ya matairi.

Haikupita muda Ramadhani ikaingia. Bi mkubwa wa nyumba ya jirani akawa anamtuma mjukuu wake kila magharibi, "Hodi! Bibi kasema mfuturu," sinia lina uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, siku nyingine ming'oko ya moto, vile viazi vya porini vya kusini, na samaki wa kukaanga. Ming'oko nilikuwa naisikia tu kwa mama, siku ile ndo nimeimenya kwa mkono wangu, ganda jembamba linatoka na udongo kidogo, ndani nyeupe. Mjomba alikula kimya halafu akasema, hivi hivi ndo alikuwa anachemsha bibi yako.

Yaani mjomba sikuwahi kumsikia akimtaja bibi. Usiku ule ndo akanihadithia. Bibi alifariki 1998, mvua zile za El Nino, barabara ya kusini imekatika na Rufiji unavukwa kwa pantoni, daraja la Mkapa lilikuja 2003, mjomba akalala njiani mpaka akafika siku ya sita, mama yake kashazikwa hapo Mikindani siku nyingi. Akakaa siku mbili, akarudi Dar, hakukanyaga tena Mikindani miaka 12, Mtwara alikuwa anaenda anapita tu. Mi nilijua ni mtu mkavu tu asiyejali kwao, na nilishawahi kumwambia mama hivo, inaniuma mpaka leo.

Kuanzia hapo kila baada ya laasiri tunaenda makaburini, huko juu kwenye mikorosho iliyoanza kutoa maua, tunafyeka majani, tunapanga upya mawe ya pembeni, anasoma Yasini taratibu sana. Bi mkubwa naye siku moja akaja, akamwonyesha mjomba wapi alisimama nani, mwili uliingizwa upande gani. Mjomba alikuwa anauliza kila kitu kama mtu anayeandika.

Siku moja kabla ya Idd nikatoa magodoro nje niyaanike. Chini ya la mjomba kuna boksi limefungwa gazeti, beringi mpya, na karatasi ya mzigo ya basi ina tarehe ya 20 Agosti. Na yeye alikuwa anaenda stendi Mtwara anarudi anasema bado. Nikalifunga kama lilivyokuwa, nikarudisha, nikatandika shuka juu.

Idd pili tumetoka makaburini, akaingia ndani, akatoka nalo mkononi.

"Mpwa wangu, beringi imefika."

"Alhamdulillahi, mjomba."

Nikaenda kumwita fundi.