Kabla hujanunua spika mpya: siku moja ya fundi kompyuta Majengo, Dodoma

Saa 1:30 asubuhi

Fremu yangu iko jirani na Soko la Majengo, na kazi ya kwanza kila asubuhi ni vumbi. Aliyekaa Dodoma wakati wa kiangazi anaujua upepo wetu: unafunga mlango usiku, asubuhi unakuta meza imebadilika rangi. Nafagia, nafuta meza kwa kitambaa kibichi, kisha nachukua brashi laini na kuanza na mashine zilizolala dukani.

Pembeni mwa laptopu kuna tundu la kuchomeka pini ya spika au hedifoni. Ndani yake, kwenye mashine nyingi, kuna ulimi mdogo wa chuma. Pini ikiingia inausukuma, na kompyuta inajua kwamba spika za ndani zinyamaze, sauti itoke nje. Vumbi likiganda pale ulimi haurudi. Mwenye mashine anachomoa pini, spika za ndani kimya. Anachomeka sabufa, sauti inakatikakatika. Laptopu ya kwanza Alhamisi hii ilikuwa na shida hiyohiyo. Nilimulika kwa tochi nikaona uzi wa begi umejikunja huko ndani. Nikaizima mashine, nikauvuta uzi kwa kijiti cha meno, nikapitisha spiriti kidogo na kuacha pakauke. Ikapona bila kufunguliwa hata skrubu.

Saa 2:20 asubuhi

Akaingia mama mwenye steshenari ya mtaa wa nyuma, amebeba spika mbili ndogo za mezani kwenye mfuko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi zimekufa. Nitafutie nyingine, za bei ya kawaida."

Mteja akianza hivyo simwuzii kitu kwanza. Kuna simu ya kiswaswadu, yaani simu ndogo ya vitufe, nimeiweka dukani kwa kazi hii tu, maana simu nyingi za sasa hazina tundu la pini. Nilichomeka USB ya zile spika kwenye chaja, pini nikaiweka kwenye kiswaswadu, nikafungua redio. Taarifa ya habari ikasikika kushoto na kulia, safi kabisa. Spika zilikuwa nzima. Yule mama alikaribia kutoa pesa ya watoto anunue kitu alichokuwa amekishika mkononi.

Hiyo ndiyo kanuni ninayomwambia kila mtu: simu kwanza. Sauti ina njia yake, kuanzia programu, ikaja Windows, draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa), tundu, waya, mpaka spika. Ukiijaribu spika kwa simu, kwa dakika moja umejua shida iko upande gani wa hilo tundu.

Tukaongozana hadi kwake. Spika za aina ile zina nyaya mbili, na hapo ndipo wengi wanapojichanganya. USB yake inaleta umeme tu; sauti inapita kwenye pini nyembamba. Mjukuu wake alipohamisha meza alichomeka USB, taa ya spika ikawaka, akaamini kazi imekwisha. Nyuma ya sipiyu nikaikuta pini iko kwenye tundu la waridi, ambalo ni la maikrofoni. Sauti inatokea tundu la kijani. La bluu ni la kuingizia sauti kutoka kifaa kingine. Nilihamisha pini, nikamwomba mjukuu aje aichomoe na kuirudisha yeye mwenyewe mara mbili ili mkono wake uzoee.

Saa 4:00 asubuhi

Kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma ameteremka na daladala, ana laptopu na waya wa sabufa yake. Fundi mwingine alimwambia kadi ya sauti imeungua, abadilishe bodi nzima, ile kuu ya kompyuta. Kwa mwanafunzi anayesubiri boom, ile pesa ya mkopo, kauli hiyo ni msiba, na inaniudhi inapotolewa kabla mtu hajajaribu chochote.

"Mdogo wangu, kaa hapa uangalie ninachofanya."

Kwanza nikabofya alama ya sauti chini kulia mwa skrini, nikafungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti. Shida nyingi za wanachuo zinaishia hapo: mtu aliunganisha laptopu na runinga kwa waya wa HDMI, Windows ikahamishia sauti kwenye runinga, na sasa inaendelea kuipeleka huko au kwenye hedifoni za Bluetooth zilizo kwenye begi. Yake ilikuwa imechagua spika sawasawa. Nikacheza wimbo, nikatazama ule mstari wa sauti kwenye mipangilio. Ulikuwa unaruka. Ukiruka na husikii kitu, ujue programu inatoa sauti na Windows inaipokea. Tafuta mbele ya hapo. Ukilala kabisa, huenda programu yenyewe imezimwa sauti.

Kisha nikatoa kifaa ninachokithamini kuliko vingine vyote mezani: kadi ndogo ya sauti ya USB, urefu wake ni kidole gumba, na bei yake haifiki hata robo ya bodi. Nikaichomeka kwenye laptopu, sabufa yangu nikaiunganisha humo kwa waya wake. Muziki ukatoka. Hapo tukawa tumejua mambo mawili kwa mpigo: waya mzima, Windows haina neno. Kilichobaki ni draiva ya sauti ya ndani, au bodi kweli.

Nikamuuliza kama aliwahi kupigiwa windo (kuwekewa Windows) upya. Ndiyo, kabla tu ya likizo. Aliyeipiga aliacha draiva ya jumla inayokuja na Windows, ambayo kwa mashine nyingi inatosha, ila kwa yake haikutosha. Tukasoma namba ya modeli chini ya laptopu, tukaingia tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, tukashusha draiva ya modeli hiyohiyo, tukaizima mashine na kuiwasha. Spika zikaongea. Alinishika mkono muda mrefu. Hata kama bodi ingekuwa imekufa, bado ile kadi ndogo ingemvusha mpaka amalize chuo.

Saa 6:45 mchana

Umeme umekatika. Nikazima swichi za sabufa zote dukani, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo amplifaya iliyoachwa imewashwa hupiga mlio mkubwa ambao si mzuri kwa spika. Hata siku za kawaida nawasha kompyuta kwanza na sabufa mwisho. Wakati wa kuzima, sabufa inatangulia. Nikaenda kwa mama lishe, ugali na mlenda. Umeme ukarudi nikiwa nanawa.

Saa 8:30 mchana

Nimeitwa kwenye ukumbi wa mikutano huko Area D. Kumbi za namna hii zimeongezeka sana mjini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini ofisi zilianza kuja kwa kasi kuanzia 2016, na kila ofisi ina vikao vyenye projekta na miksa, ile mashine ya kuchanganya sauti.

Malalamiko yao: mngurumo mzito usiokoma, hata kama hakuna anayeongea. Niliomba laptopu ichomolewe chaja, itumie betri. Mngurumo ukakata palepale. Laptopu ilikuwa imechomekwa ukuta wa mbele, miksa ukuta wa nyuma, na waya wa sauti ukaziunganisha. Umeme ukapata njia mbili za kwenda ardhini, na tofauti ndogo kati ya njia hizo ikaanza kupita kwenye waya wa sauti. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, ndiyo maana mlio ule ni mzito na haubadiliki. Nilivuta ekstensheni moja ikalisha vyote viwili. Ukapungua hadi husikii. Kilichobaki kinamalizwa na transfoma ndogo ya kutenganisha inayokaa katikati ya waya wa sauti, na nimewaambia waagize.

Ila kwenye ule ukumbi niliona plagi ya amplifaya imekatwa mguu wa tatu, ule wa ardhi. Mtu alitafuta dawa ya mngurumo kwa kuondoa ardhi. Nawaomba sana, kwa moyo wote: msifanye hivyo. Ule mguu ndio unaomlinda atakayeshika kasha la chuma la amplifaya siku waya ukilegea ndani. Mngurumo unaudhi, kukosa ardhi kunaua. Sikuondoka mpaka plagi ile ilipobadilishwa mbele yangu.

Saa 11:00 jioni

Kwaya moja kule Chang'ombe ilikuwa na mazoezi. "Bwana Yesu asifiwe, fundi," mwalimu wa kwaya akanipokea, na kabla sijakaa akaniwekea wimbo. Ala zote zipo, kinanda kipo, lakini mwimbaji mkuu hayupo! Anasikika kwa mbali sana, kama mtu aliye ndani ya kisima. Wao walifikiri ni virusi.

Nikauliza kama kuna kitu kilibadilishwa. Kijana mmoja akasema alijaribu kuwasha mono, yaani kushoto na kulia zitoe sauti ileile, kwenye mipangilio ya Windows, sauti ikazimika kabisa, akairudisha. Hapo hapo nikajua, nikaenda moja kwa moja kwenye waya.

Upande mmoja ulikuwa na pini ndogo ya laptopu, upande wa pili pini nene ya milimita 6.35 yenye pete mbili nyeusi, imechomekwa kwenye tundu moja la miksa. Nyimbo nyingi hurekodiwa pande mbili, kushoto na kulia, na mwimbaji mkuu huwekwa katikati, maana yake yuko sawasawa pande zote. Lile tundu la miksa halitarajii pande mbili za muziki. Linatarajia sauti moja iliyosafiri kwenye nyaya mbili, mmoja ukiwa umegeuzwa, ili litoe mmoja kwenye mwingine na kufuta kelele zilizookotwa njiani. Kwa maikrofoni yenye waya mrefu ni msaada mkubwa. Kwa muziki wa laptopu, chochote kinachofanana kushoto na kulia kinafutwa, na mwimbaji anaondoka nacho. Ukiwasha mono, kila kitu kinafanana, basi kila kitu kinafutwa.

Kwenye begi nina waya wenye pini moja ndogo inayogawanyika kuwa pini mbili nene, kila moja na pete moja tu. Nikaziweka kwenye njia mbili za miksa, moja nikaigeuzia kushoto, nyingine kulia, sauti ya laptopu nikaishusha kidogo isipasuke. Mwalimu akaanzisha wimbo upya. Sauti ya dada yule kwenye rekodi ikajaa kanisani, besi wakadakia bila kuambiwa, na mazoezi yakaendelea mimi nikiwa bado nakunja nyaya.

Saa 2:10 usiku

Nimefika nyumbani, simu ikaita. Dada mmoja yuko Kondoa, anafundisha kwa njia ya mtandao na anatumia spika ya Bluetooth. Muziki unatoka vizuri, ila darasa likianza tu sauti inakuwa nyembamba, ya simu za zamani. Nilimweleza kwamba spika yake ina maikrofoni ndani, na programu ya darasa ikiichukua, Bluetooth inahama kutoka hali ya muziki kwenda hali ya simu, ambayo ubora wake ni mdogo. Aingie mipangilio ya programu, maikrofoni achague ya laptopu, spika aiache palepale. Nikasikia akibofya, kisha kimya, kisha "Eeh, imerudi kaka!" Nikamwambia aandike jina la maikrofoni aliyochagua na kulibandika ukingoni mwa skrini, kwa sababu programu ikisasishwa au spika ikiunganishwa upya, chaguo la zamani linaweza kurudi lenyewe.